Utabiri wangu wa Grammy: genge, bila

Msimu wa Grammy ukikaribia, marafiki zangu hutoa orodha za watakaoteuliwa, na kila orodha lazima iwe na Mkenya mmoja wa kuombewa. Yangu haina. Msinirushie mawe kwanza.

Kitengo cha muziki wa Afrika kilianza kutolewa 2024. Ukisoma maelezo yake rasmi utakuta genge imetajwa kwa jina, pamoja na bongo flava, amapiano na ndombolo. Nilicheka kwa raha: genge ya akina Nonini na Jua Cali, tuliyoimeza kwa matatu, iko kwenye sheria za Wamarekani! Halafu nikahesabu. Kuanzia 2024 hadi 2026, nafasi 15. Nyimbo 12 zina Mnigeria ndani, mbili ni za Tyla wa Afrika Kusini, moja ya Eddy Kenzo wa Uganda. Hata Chris Brown aliingia 2025, akiwa na Davido na Lojay. Genge, sufuri.

Rahisi kusema tunaonewa. Mimi nakubali nusu tu. Wapiga kura ni wanachama wa Recording Academy, wengi wako Marekani, na mtu huchagua ngoma iliyokwisha kumfikia. "Water" ya Tyla ilishaingia Billboard Hot 100. Hakuna aliyehitaji kutambulishwa. Sasa chukua "Lamba Lolo" ya Ethic, 2018. Utamu wake uko kwa maneno, sheng ya Umoja ambayo hata wazee wa hapa hapa Nairobi walitafutia mkalimani. Toa maneno, na unabaki na mdundo ambao dunia iko nayo mingi.

Kuna wanaosema basi wasanii wetu walegeze sheng. Hiyo ndiyo inanikera. J.S. Ondara, mzaliwa wa Nairobi, aliteuliwa 2020, kwa albamu ya Americana. Safi sana, na ni haki yake, lakini usiniambie hiyo ni njia ya genge. Genge ikianza kujieleza kwa mgeni, vichekesho vyake vinakufa kabla ya kufika airport.

Kwa hivyo, zile tano zijazo: Wanigeria watatu, Tyla kama atakuwa ametoa kitu, na nafasi moja ya kushangaza kama ile ya Kenzo. Hiyo ya mwisho inaweza kuangukia Mkenya, hasa akishirikiana na jina kubwa la Lagos. Nitashangilia na nyinyi. Lakini haitakuwa genge.