Mwalimu Alivyookoa Daraja na Kuua Somo

Darasa la 8, Kasapa, Lubumbashi, somo la mfano: makundi ya wanafunzi yanajenga madaraja. Daraja la kundi la tatu lilipoanguka, mwalimu alichukua koleo akalitengeneza mwenyewe. Somo liliishia hapo, ingawa kengele ilikuwa bado.

Turudie tukio. Matete na waya, urefu sentimita 40, mzigo ni chupa za maji za lita moja moja. Chupa ya kwanza, kimya. Ya pili, daraja likabonyea katikati, miraba yake ikaanza kulala. Ya tatu, chini. Na hakuna tete hata moja lililovunjika! Kilichoshindwa ni umbo: mraba uliofungwa waya kwenye pembe hulala ukiusukuma kidogo tu, pembetatu hailali mpaka upande wake mmoja ukatike, ujikunje au fundo lifunguke. Msichana mmoja alikwishashika pembe anaichezesha huku na huku. Jibu lilikuwa vidoleni mwake. "Lete hapa," akaambiwa. Mishazari ikafungwa, chupa nne zikakaa, makofi yakapigwa. Sijui ya nini.

Fizikia mwalimu anaijua, na maelekezo yake ya mwanzo yalikuwa safi. Asichokijua ni kazi nyingine kabisa: kuacha kilichoanguka kilale mezani, kuuliza kilianza kuachia wapi, kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kupima upya.

Chanzo chake nimekisema hadi nimechosha. Baada ya sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 kuifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 8, programu ya sayansi imefunga fizikia, teknolojia na TIC (teknolojia ya habari na mawasiliano) katika furushi moja. Teknolojia hupokelewa kama mzigo wa jirani: mwalimu anaandikisha maana za maneno, basi. Na Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iko papa hapa jijini!

Mzee wa karakana ya kampuni ya migodi ya Gécamines aliyenifundisha kutumia tupa, yeye hakugusa kazi yangu hata siku moja. Alikilaza kipande kwenye skwea, akakiinua kwenye mwanga, akatia chaki pale mwanga ulipopenya, akanirudishia. Neno hakutoa. Kile kipande nilikirudia mara sita.

Kundi la tano nalo lilikuwa na miraba ileile. Likaiga mishazari ya mwalimu, lakini upande mmoja tu wa daraja, ule uliokuwa umeelekea darasa alipokuwa akifunga. Chupa ya pili, daraja likajipinda, likalala ubavu. Mwalimu akanyoosha mkono tena kwenye koleo.