Mapenzi kwa Ratiba ya Ligi

Riwaya ya mapenzi humpa msomaji ahadi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: wawili hawa watakuwa pamoja mwishoni, na watafurahi. Wakosoaji wengi huanzia hapo kuidharau. Nimemaliza vitabu sita vya Rachel Reid, mwandishi wa Kanada, vinavyojulikana kwa pamoja kama Game Changers, na nataka kuanzia hapo hapo kuvitetea. Si vyote, na si kila ukurasa.

Vilitoka kati ya 2018 na 2022. Vinahusu wanaume wanaocheza hoki ya barafuni, na wanaume wanaowapenda. Mwishoni mwa 2025 kitabu cha pili, Heated Rivalry, kilirushwa kama tamthilia na Crave ya huko huko Kanada, ndipo wasomaji wapya wakamiminika, wakiwemo wengi ambao hoki wanayoijua ni ile ya uwanja wa nyasi. Hawapungukiwi na kitu. Inatosha kujua kwamba wachezaji hawa hugongana kwa kasi ya kutisha, na kwamba wakizipiga ngumi uwanjani adhabu ya kawaida ni kukaa nje dakika tano, kisha mtu anarudi kucheza. Kumvamia mwanaume mwenzako mbele ya maelfu ya watu ni sehemu ya burudani. Kumshika mkono ndiyo kashfa.

Heated Rivalry inajengwa juu ya kichekesho hicho. Shane Hollander wa Montreal na Ilya Rozanov, Mrusi wa Boston, ni mahasimu ambao ligi nzima inawauza kama mahasimu. Kwa miaka mingi wanakutana kisiri, na wanakutana pale tu ratiba ya ligi inapowakutanisha. Huu ndio ufundi bora wa Reid. Hadithi inaruka miezi, wakati mwingine msimu mzima, kwa sababu katikati hakuna mechi. Tunawaona wakizeeka kwa vipande vya usiku mmoja mmoja hotelini. Watu wanalalamika kwamba kitabu kina kitanda kingi mno. Ni kweli kina kingi, lakini kitanda ndicho mahali pekee ambapo hawa wawili wana ruhusa ya kusema lolote, na hata pale wanaitana kwa majina ya ukoo kama watangazaji wa mpira. Siku Ilya anapompikia Shane mkate wa samaki wa jodari na wote wawili wakajikuta wanaitana Shane na Ilya, Shane anashikwa na hofu, anavaa na kukimbia. Mapenzi yote ya mwili hayajamtisha. Chakula cha mchana kimemtisha. Nilisoma sura hiyo mara mbili.

Kwenye simu, kila mmoja amemficha mwenzake kwa jina la kike: Lily na Jane. (Nilicheka. Kwa Kiswahili ungeweza kumsimulia mpenzi wako kwa miaka kumi, “yeye” na “anakuja” na “nimemkumbuka”, bila lugha kukuuliza jinsia yake.) Na baada ya kufiwa na baba yake, Ilya akiwa Moscow, Kiingereza kinamwishia. Shane anamwambia aseme kwa Kirusi, ingawa yeye hataelewa. Anayoyasema, sisi tunayaelewa na Shane hayaelewi. Yeyote aliyewahi kuomboleza kwa lugha moja na kutongoza kwa nyingine ataijua simu hiyo.

Lugha ya Reid, kusema kweli, ni ya kawaida. Usitafute sentensi za kupigia mstari. Na kitabu cha kwanza, Game Changer, ni chepesi kuliko sifa zake: Scott Hunter, nahodha wa New York, anashinda kombe, anamvuta mpenzi wake Kip barafuni na kumbusu mbele ya kamera, na ni kama busu hilo limefuta woga wa maisha yake yote. Ahadi imetimizwa kwa mkopo.

Deni linalipwa katika kitabu cha sita, The Long Game. Ilya amehamia Ottawa ili awe karibu na Shane, na siri imeendelea. Ile siri iliyotusisimua vitabu vinne nyuma sasa inamla. Tunajua mama yake alijiua Ilya akiwa mtoto. Sasa yeye mwenyewe anaanza kuzama, akiendelea kuchekesha watu chumba cha kubadilishia nguo. Shane, ambaye anampenda kweli, haoni, kwa sababu kwake siri ni usalama. Siri inapovuja, wachezaji aliocheza nao miaka yote wanampa mgongo. Udhaifu ni kamishna wa ligi, mbaya wa katuni, anayebeba peke yake lawama ambayo ingewafaa watu wengi wenye adabu zao.

Maana nje ya vitabu hakuna kamishna mmoja wa kulaumu. Hakuna mchezaji aliyewahi kucheza mechi ya NHL huku akijulikana hadharani kuwa anapenda wanaume. Luke Prokop alipojitangaza Julai 2021, alikuwa na mkataba na Nashville Predators lakini hajacheza mechi hata moja ya ligi hiyo. Mwaka 2023 ligi ilipiga marufuku hata utepe wa rangi za upinde wa mvua kwenye magongo, kisha ikarudi nyuma baada ya mchezaji mmoja, Travis Dermott, kuufunga hivyo hivyo.

Kwa hiyo Reid anadanganya? Swali hilo linanirudisha Nairobi, 2018, mwaka huo huo wa Game Changer. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilikuwa imeteuliwa Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Kahiu amesimulia kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Wapenzi hao wangeadhibiwa, au wangejuta, pengine pasingekuwa na tatizo. Bodi ilielewa kitu ambacho wanaobeza riwaya za mapenzi hawajakielewa.

Ukitaka kusoma, anza na Heated Rivalry. Pitia Role Model, cha tano, uizoee Ottawa na watu wake, halafu The Long Game. Vingine vinaweza kusubiri likizo.