Milimita Tano na Nusu

Ubavuni pa injini nyingi za pikipiki zinazobeba abiria na mizigo kati ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, Tanzania, pamegongwa maandishi mafupi ambayo abiria hayaoni na wenye pikipiki wengi hawayasomi: 156FMI, au 162FMJ. Fundi mzuri huanzia hapo. Tarakimu ya kwanza inamwambia injini ina silinda moja. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita, bila nusu zake. F ni injini inayopozwa na upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ujazo, I kwa CC 125 na J kwa CC 150. Ukiyasoma unaujua ukubwa wa injini na unaanza kuutafuta ukoo wake. Nataka kumsifu fundi anayepandisha CC za injini ya zamani kwa spea za ndugu zake, kwa sababu naamini kazi yake ni elimu ya undugu wa vyuma, na nguvu inayoongezeka ni matunda tu ya elimu hiyo.

Ukoo wenyewe chimbuko lake linajulikana. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wamekwisha kuona pikipiki zao zinavyotumika katika nchi za watu wa kipato cha chini: mzigo unazidi, oili haibadilishwi mpaka inakuwa kama lami, cheni inaogelea matopeni. Wakaachana na kamshafti ya juu inayoendeshwa kwa cheni, wakaiweka chini karibu na kreki, valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Utengenezaji ulienea hadi Brazili na Pakistani, na viwanda vya China vikauiga muundo huo na kuzaa injini za 125, 150 na 200. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu ni wajukuu wa CG. Na uamuzi ule wa fimbo, uliofanywa kwa hofu ya oili chafu, ndio uliomfungulia njia fundi wetu: akivua hedi na bloku, hakuna cheni ya taimingi ya kupoteza alama zake.

Sasa tupige hesabu. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake inasafiri milimita 49.5. Hizo ni CC 124. Ndugu yake wa 150 ana kipenyo cha milimita 62 na safari ileile ya 49.5, na jumla yake ni CC 149. Kipenyo kimeongezeka milimita tano na nusu, pungufu ya sehemu moja ya kumi, ila ujazo umepanda kwa moja ya tano, maana eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Safari haikuguswa, kwa hiyo injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika pistoni bado inakwenda wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, vilevile kama zamani. Ndugu wa 200 ana safari ya milimita 62.2. Kwa mizunguko hiyohiyo pistoni yake inakimbia mita 12.4 kwa sekunde, na hawezi kukaa bila kreki yake mwenyewe. Asiyejua undugu huiona namba kubwa akaitamani. Anayejua humchukua ndugu wa karibu.

Hata wa karibu hapokelewi bila kupimwa. Slivu ya bloku jipya ni nene, na mdomo wa kreki kesi ukiwa mwembamba lazima upelekwe kwa mkerezaji upanuliwe bila kuyumba. Pini ya pistoni iingie kwenye rodi ya zamani kwa kusukumwa na kidole, isilegee wala isigongwe nyundo. Urefu wa bloku ulingane na wa kwanza, la sivyo fimbo za valvu zitazidi au zitapungua. Lakini kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha hedi. Injini ya CC 124 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 ina chumba cha moto cha CC 15.5. Ukiiachia hedi hiyohiyo juu ya CC 149, mgandamizo unaruka hadi 10.6, petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo fundi huigeuza hedi juu chini, valvu zimefungwa na plagi imekazwa, akaifunika kwa kipande cha kioo chenye tundu dogo. Kisha anadondosha oili nyepesi kwa bomba la sindano la hospitali, polepole, mpaka kiputo cha mwisho kitoke, na kusoma mililita zilizotumika. Hiyo ni maabara kamili, ipo chini ya mwembe, na majibu yake ni ya kweli.

Wapo watakaosema fundi huyu anawapa vijana mwendo wa kuwaua. Hoja hiyo ni nzito, na breki za ngoma za pikipiki hizi haziongezeki nguvu kwa sababu bloku limebadilishwa. Anayeacha breki mbovu akapandisha CC amefanya kosa kubwa. Ila tuangalie nguvu hiyo inahitajika wapi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini ya 125 inayopandisha magunia ya dagaa kutoka mwaloni kuelekea vilima vya Butiama imeshapungukiwa na pumzi kabla haijabeba kitu. CC 25 za nyongeza humwezesha dereva kupanda bila kuinyonga injini kwenye gia ya kwanza. Wengine watasema heri anunue ya 150 dukani. Mwenye hela na anunue. Lakini fremu ya zamani iliyonyooka ni mali, na kuitupa kwa ajili ya milimita tano na nusu ni hasara. Kuhusu kadi ya usajili sina ubishi: ujazo ulioandikwa pale ni 125, na mabadiliko yakishafanyika mwenye chombo ayapeleke yakaandikwe.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi huu unakaa vichwani mwa watu wachache na kupotea nao. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973, chini ya rais aliyezaliwa Butiama, Julius Nyerere, ili kukuza viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo Musoma. Walimu wa huko wangeweza kuliweka bloku la 125 na la 150 mezani, pamoja na vernia na bomba la sindano, wakawaachia wanafunzi wiki nzima ya kupima. Nawe mwenye pikipiki, kabla hujalipa, mwombe fundi akuonyeshe karatasi yenye namba nne: kipenyo, safari, ujazo wa hedi na mgandamizo. Kama hana karatasi hiyo, chukua pikipiki yako uondoke nayo.