Jeni ya Kinga, Daftari la Dawa za Shambani na Ugonjwa wa Parkinson

Mwaka 1988 Patrick na Edith McGeer, mtu na mkewe waliokuwa watafiti katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walieleza walichokiona kwa hadubini katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson. Mahali pale pale zinapokufa seli zinazotengeneza dopamini, walikuta mikroglia, yaani seli za ulinzi za ubongo, zimeamka na kujaa protini iitwayo HLA-DR. Hiyo ni alama ya inflamesheni, ule uwakaji ambao mwili huuanzisha unapojihami dhidi ya jeraha au vimelea. Likabaki swali: uwakaji huo ndio unaoua seli, au huja tu kufagia zilizokwisha kufa?

Hapo ndipo jeni zinaposaidia. Mtu huzaliwa nazo. Wagonjwa wakikutwa na herufi fulani ya jeni ya kinga mara nyingi kuliko wazima, herufi hiyo ilikuwapo miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Haydeh Payami lililinganisha DNA ya wagonjwa 2,000 na watu 1,986 wasio na ugonjwa huo, Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Tofauti ilijitokeza kwenye kromosomu ya 6, ndani ya jeni ya HLA-DRA, mahali panapoitwa rs3129882. Wenye herufi G hapo walikuwa na hatari kubwa kidogo kuliko wenye A. Kidogo tu. Herufi G imeenea sana, na wengi walio nayo huzeeka bila kuugua. Isitoshe, iko katika kipande cha jeni ambacho hakiingii kwenye protini yenyewe. Inafanya nini basi?

Jibu lililochapishwa mwaka 2015 na Malú Tansey na Jeremy Boss wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, pamoja na Beate Ritz wa UCLA, linastahili kutazamwa hatua kwa hatua, kwa sababu uzuri wake umo katika namna lilivyotafutwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa damu. Watu 81 walitolewa damu, na seli zao za kinga zikapimwa kiasi cha molekuli za HLA zilizobeba juu ya utando wao wa nje. Molekuli hizi ni kama sinia: seli huweka juu yake vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T, ambazo huamua kama ni vya adui. Waliorithi G kwa baba na kwa mama (GG) walikuwa na sinia nyingi zaidi, na seli zao zilipochokozwa, ziliongeza nyingine kwa wepesi. Herufi hiyo, kumbe, haikubadilisha umbo la protini, bali ilienda pamoja na wingi wake.

Hatua ya pili ilihamia bonde la kati la California, katika wilaya za Fresno, Kern na Tulare, nchi ya zabibu, lozi na pamba. Huko Ritz na wenzake walikuwa wamekwisha kuandikisha wagonjwa wapya wa Parkinson na majirani wasio wagonjwa. Ugumu wa utafiti wa aina hii unajulikana: mgonjwa akiulizwa alikutana na dawa gani miaka ishirini iliyopita, hupekua kumbukumbu zake zaidi kuliko anavyofanya mtu mwenye afya. Majibu huegemea upande mmoja, na anayeishi jirani na shamba la mtu mwingine huenda hata hajui kilichonyunyizwa.

California ina daftari. Tangu 1974 jimbo hilo limekuwa likikusanya taarifa za unyunyiziaji wa kibiashara wa viuatilifu: dawa ipi, kiasi gani, siku gani, zao gani, ndani ya mraba upi wa maili moja. Mraba wa maili moja ni mpana mno kwa nyumba moja, kwa hiyo watafiti waliufunika kwa ramani za matumizi ya ardhi zinazoonyesha zao gani lilipandwa wapi. Kisha wakachukua anwani za miaka yote ambako kila mshiriki aliishi au kufanya kazi, na kuhesabu kilichonyunyizwa ndani ya mita 500. Kazi ya kuchosha kweli, lakini iliondoa usahaulifu wa binadamu katika hesabu.

Jeni na dawa zilipokutanishwa, picha ikabadilika. Miongoni mwa watu karibu elfu moja, wenye GG walioishi au kufanya kazi karibu na unyunyiziaji wa dawa za kundi la pairethroidi walikuwa na uwezekano wa kuugua wa takriban mara mbili na nusu ya ule wa kundi la kulinganishia. Jeni ambayo peke yake haikuwa na uzito mkubwa ilionekana kuelemea ilipokutana na dawa.

Msomaji wa Molo, Kenya, au Mafinga, Tanzania, kunakolimwa pareto, analijua chimbuko la dawa hizo. Pairethroidi ziliundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, ambayo huharibika haraka juani. Permethrini, iliyobuniwa Uingereza na Michael Elliott mwaka 1973, hustahimili jua. Ndiyo inayotiwa katika baadhi ya vyandarua. Lakini utafiti wa California ulihusu unyunyiziaji wa mashambani, haukugusa vyandarua, na anayekiacha chandarua kwa sababu yake anawaachia wanawe malaria.

Udhaifu upo. Seli zilizopimwa ni za damu, si za ubongo, na wenye GG walionyunyiziwa karibu ni wachache ukishawagawa hivyo. Mwaka 2021 uchambuzi mpana zaidi ulielekeza macho kwa jirani ya HLA-DRA, yaani HLA-DRB1, ambako asidi amino chache zinaonekana kumkinga mtu. Huenda rs3129882 ni kibao tu cha kuelekeza njia.

Tena jeni za HLA hutofautiana sana Afrika, na haifai kudhani kwamba matokeo ya Wazungu yanahamishika. Mwaka 2023 utafiti uliowahusisha Wanigeria wengi ulipata katika jeni ya GBA1 badiliko la hatari ambalo ni la watu wenye asili ya Afrika karibu peke yao. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071 walipata wagonjwa 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Anayetaka kurudia kazi ya Ritz huko hataanzia kwenye majalada ya hospitali. Ataanza na milango, kisha atafute kumbukumbu za dawa zilizopigwa kwenye kahawa, shamba kwa shamba.