Ustahimilivu wa Kidini katika Elimu ya Kujitegemea: Uhakiki Kutokea Mkumbi, Mbinga

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Julius Nyerere mwezi Machi 1967, husomwa zaidi kwa yale unayosema juu ya kilimo na kazi za mikono. Sehemu hii inahakiki jambo ambalo waraka unaligusa kwa maneno machache tu, yaani kwamba mtoto wa Tanzania aweza kuingia shule yoyote ya Serikali, au inayosaidiwa na Serikali, pasipo kulipia elimu kwa kutiwa imani isiyo yake.

Kwa mahali kama Mkumbi ahadi hiyo ilikuwa nzito. Umatengoni shule zilitangulizwa na Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898. Kando ya Ziwa Nyasa, huko Liuli, walikuwapo Waanglikana wa UMCA. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome, mara nyingi mlango aliouona wazi ulikuwa wa misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na utaifishaji wa shule ulioifuata, ilibadili mwenye mlango.

Hata hivyo, ustahimilivu wa waraka ni wa kuondoa: kusiwe na ubaguzi, kusiwe na shuruti. Haielezwi ni nani atakayemfundisha Uislamu mtoto aliye peke yake miongoni mwa Wakristo, wala Mkristo aketiye naye dawati moja atajua nini juu ya Uislamu. (Tunduru, ambako Waislamu ni wengi, swali hugeukia upande wa pili.) Kipindi cha dini, ambacho huwagawa wanafunzi kwa imani zao, hujibu swali la kwanza pale tu mwalimu anapopatikana. La pili hakiligusi.

Ugumu wa swali hilo la pili waonekana katika tafsiri za Kurani. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ni kazi ya Godfrey Dale, kasisi wa UMCA hiyohiyo. Iliwafungulia Wakristo Kitabu, lakini kwa maelezo ya mtu aliyekusudia kubishana nacho. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 ilitoka kwa mwanachuoni mwenye kukiamini. Mwalimu anayewaeleza Wakristo Uislamu hana budi kuanzia kwa al-Farsy. Dale asomwe baadaye, kama ushahidi wa historia.

Wazazi wa pande zote wataogopa kwamba watoto watageuzwa dini. Hofu hiyo ina historia, na haifai kudharauliwa. Lakini watoto wa Mkumbi huona jirani akifunga Ramadhani, na huenda mazishini kwake, kabla hawajajua kwa nini anazikwa bila jeneza. Somo lingeweza kuanzia hapo.