Tarakimu Zilizopishana

Urari umegoma: upande mmoja umezidi mwingine kwa shilingi 27,000. Mgeni wa kazi ataanza kufukua vocha zote tangu Januari. Mhasibu aliyeiva anaigawa kwanza tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila baki, anashuku kuwa tarakimu zimepishana: mtu kasoma 74,000 kwenye ankara, kaandika 47,000 kwenye leja. Asipoliona kosa la namna hiyo, anaigawa tofauti kwa 2 na kuanza kuitafuta 13,500 iliyoingizwa kushoto badala ya kulia. Raha kumtazama, chai yake inapoa pembeni wala hana habari nayo.

Siku hizi programu za hesabu hazikubali uingize upande mmoja peke yake, kwa hiyo urari hukaa sawa wenyewe. Kazi ngumu imebaki pale pale. Ankara ambayo haikuingizwa kabisa haiuvurugi urari hata chembe, na mauzo ya kubuni, yakiwa na pande zake mbili, yanatulia humo bila wasiwasi.

Hapo ndipo CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa, anapopimwa. Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya 1972, ndiyo inayotahini na kusajili. Kenya, KASNEB inatahini na ICPAK inasajili. Mitihani ni migumu, sikatai, ila mimi navutiwa zaidi na mazoea yanayofuata.

Mfuate mkaguzi ghalani siku ya kuhesabu mali. Anachagua bidhaa kadhaa kwenye orodha, anakwenda kuzitafuta rafuni: hapo hunaswa mali hewa. Kisha anageuza, anachagua zilizopo rafuni na kuzitafuta kwenye orodha: hapo huibuka zilizosahauliwa, au zilizofichwa. Anaomba katoni ya nyuma kabisa ishushwe na kufunguliwa, wapagazi wakiguna. Ananakili namba ya hati ya mwisho ya kutolea mzigo, ili mauzo ya Julai yasije yakahamia Juni, mwezi wa kufunga hesabu. Salio la benki nalo haridhiki kuambiwa na meneja, hata awe mcha Mungu namna gani. Benki inaandikiwa, na jibu linamfikia yeye moja kwa moja.

Mtaani hati safi ya mkaguzi hudhaniwa kuwa kiapo kwamba hakuna aliyeiba. Haisemi hivyo. Inasema hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi, basi. Nyuma ya maneno hayo machache kuna mafaili ya karatasi za kazi, yamepangwa ili mkaguzi mwingine, asiyemjua wala kumwamini, aweze kuzifuata hatua zake zote.