Asidi Iliyopatikana Mkojoni: Jinsi Oksini Ilivyotambuliwa

Tangu enzi za Darwin ilijulikana kwamba ncha ya chipukizi hupeleka chini kitu kinacholifanya lijipinde kuelekea mwanga. Kitu chenyewe hakikukamatika hadi mwaka 1926, pale Frits Went alipofanya jaribio lake mjini Utrecht, Uholanzi. Alikata ncha za machipukizi ya nafaka ya oti, akazipanga juu ya agari, akaziacha kwa muda, kisha akaziondoa na kuikata agari hiyo vipande vidogo. Kipande kimoja akakibandika upande mmoja wa kisiki cha chipukizi. Kisiki kikapinda kuelekea upande wa pili. Yote haya yalifanyika gizani, chini ya taa nyekundu, kwa sababu mwanga wa kawaida ungelipinda chipukizi bila msaada wa agari yoyote.

Uzito wa jaribio hili uko kwenye pembe. Ndani ya mipaka fulani, chipukizi hupinda zaidi kadiri kitu hicho kinavyozidi kwenye agari. Hivyo mkemia asiyejua chochote kuhusu umbo lake aliweza kuchukua chupa yoyote ya majimaji na kupima nguvu iliyomo.

Fritz Kögl, mkemia wa hapo hapo Utrecht, aliitumia nafasi hiyo akishirikiana na Arie Haagen-Smit na Hanni Erxleben. Ncha za mimea zina kitu hicho, yaani oksini, kidogo mno, kwa hiyo walitafuta chanzo kingine, wakajaribu hiki na kile juu ya oti, na mkojo wa binadamu ukaonyesha nguvu ya kushangaza. Mkojo ukitiwa asidi na kutikiswa na etha, asidi za kikaboni huhamia kwenye etha; etha hiyo ikitikiswa na maji yenye bikaboneti, asidi hizo hurudi majini na kuacha uchafu mwingi nyuma. Wakaendelea kutenga hivyo, hatua baada ya hatua. Kila sehemu ilirudishwa kwenye oti: inayopinda ikabaki, isiyopinda ikamwagwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 timu hiyo iliripoti fuwele za „oksini a”, miligramu 40 kutoka takriban lita 150 za mkojo, na baadaye ikaripoti „oksini b”. Mwaka 1934 ikatangaza ya tatu, ikaiita heteroksini. Fomula yake ni C10H9NO2: asidi ya indoli-3-asetiki, pete ya indoli yenye mkono mfupi wa asidi.

Hapa ndipo kazi inapopata nguvu, ingawa wenyewe waliihesabu hii ya tatu kuwa ya pembeni. Asidi hiyo ilikuwa inafahamika kwa wakemia tangu karne ya 19, na ingeweza kutengenezwa maabarani bila tone la mkojo. Ikitengenezwa hivyo na kuwekwa juu ya oti, oti inapinda. Oksini a na b hazikuwahi kupita mtihani huo. Hakuna maabara nyingine iliyozipata tena, na hakuna aliyefanikiwa kuzitengeneza. Mwaka 1966 sampuli zao za awali zilipopitishwa kwenye spektrometa ya masi, ilibainika kwamba vilivyomo chupani sivyo vilivyoandikwa kwenye lebo. Wapo wanaoshuku udanganyifu, wapo wanaosema ni uzembe. Kwa vyovyote, kosa la njia ni moja: fomula iliaminiwa kabla ya usanisi kuithibitisha.

Madhara yake hayakuwa madogo. Kwa miaka kadhaa watafiti walijaribu kutofautisha oksini kwa kuchemsha dondoo za mimea katika asidi au alkali: indoli huharibika katika asidi ya moto, na oksini a ilidaiwa kuharibika katika alkali. Wakaandika matokeo kuhusu kitu kisichokuwepo. Mtafiti Kenneth Thimann aliipata asidi ya indoli-3-asetiki kutoka kwa kuvu mwaka 1935, lakini ni mwaka 1946 tu Haagen-Smit, wakati huo akiwa California, alipoitoa ikiwa safi kwenye punje changa za mahindi.

Na mkojo je? Binadamu hakui kwa oksini. Bakteria wa utumbo huivunja triptofani ya chakula, asidi hiyo inatokea, na figo zinaitoa nje.

Kwa wanaofanya utafiti leo, hasa wanaopima bakteria wa udongo kwa kitendanishi cha Salkowski, rangi ya waridi ni kiashiria tu cha indoli, na baadhi ya misombo jamaa ya asidi hii huitoa pia. Kabla ya kuandika „asidi ya indoli-3-asetiki” kwenye ripoti, pitisheni sampuli kwenye kromatografia sambamba na asidi safi ya kulinganishia.